Nyumba Zetu na Dirisha la Kibali

Maneno ya kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wazaliwa wa Posta na Kariakoo



Wenzetu wenye vyama vya nyumbani wana raha moja ambayo sisi hatuna. Desemba ikifika wanapanda basi kwenda Moshi, Bukoba au Songea, wanashuka, na nyumba ya babu wanaikuta. Sisi kwetu ni Mtaa wa Swahili, Sikukuu, Narung'ombe, Mkunguni, Aggrey, Mtaa wa Jamhuri na Kisutu. Safari yetu ya kurudi nyumbani ni nauli ya mwendokasi hadi Gerezani. Lakini tukishuka pale, wengi wetu tuliohamia Tabata, Mbagala, Kimara na Chanika, hatuna pa kubisha hodi. Baraza tuliyochezea bao imekuwa mlango wa chuma wa duka la vitenge, na mlinzi anatuuliza tunamtafuta nani.

Tunajua mhasibu akisimama kuzungumza watu huanza kuangalia saa. Vumilieni kidogo. Mwaka huu mfuko wetu una kifungu kipya ambacho hakikuwamo miaka yote ya nyuma tulipochangia madawati, misiba na bima ya wazee. Kifungu hicho kinaitwa "majengo na maeneo ya kihistoria", na wengi mmetuuliza kwa haki kabisa: fedha zetu zinaingiaje kwenye kuta za zamani, wakati kuna serikali, kuna Jiji, kuna Idara ya Mambo ya Kale?

Tuanze na neno "tume", maana ndilo lililotuchelewesha. Rasimu ya kwanza ya barua yetu iliomba Jiji liunde tume ya kuhifadhi majengo. Wazee wakacheka. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye umri wa kutosha, tume ni ile ya Keenja: mwaka 1996 serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikafanya kazi mpaka mwaka 2000 zilipozaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Tume ile tunaikumbuka kwa taka, barabara na vibanda vilivyoondolewa. Hakuundiwa mtu pale kazi ya kulinda nyumba za zamani.

Tume tuliyokuwa tunaifikiria ni ya namna nyingine, na mfano unaojulikana zaidi uko New York. Mwaka 1963 watu wa jiji lile walishuhudia stesheni yao kubwa ya reli, Pennsylvania Station, ikianza kubomolewa ili juu yake pajengwe majengo ya biashara. Hasira za wenyeji zikasukuma, na mwaka 1965 jiji likaunda tume ya majengo ya kihistoria. Ukiondoa maneno mengi ya kisheria, nguvu ya tume ile ni vitu viwili tu, orodha na kibali. Jengo likiingia kwenye orodha, mwenye nalo anabaki kuwa mwenye nalo, anaishi humo, anapangisha, anauza akitaka. Asichoweza ni kulibomoa au kubadili sura yake bila tume kukubali. Tume haihitaji kununua jengo hata moja. Inakaa kwenye dirisha la kibali, basi.

Karibu zaidi na sisi, Zanzibar wanayo Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji wenyewe uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Pale, kugusa dirisha la mbele kunaanzia ofisi moja, na kila fundi wa Shangani na Malindi anajua ni ofisi gani. Hatusemi yote yanakwenda sawa huko. Beit el-Ajaib ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, huku ikiwa kwenye kila orodha inayowezekana duniani. Orodha haishiki dari. Ila mtu akitaka kuvunja nyumba kule, anajua nani atamwambia hapana.

Kwetu nani anasema hapana? Hapa ndipo tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu wengi tulidhani jengo likiwa la zamani linalindwa lenyewe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa tazameni huo mwaka. Kilwa inaingia, Kaole inaingia, misikiti ya kale ya pwani inaingia. Lakini mji wetu huu Sultani Majid alianza kuujenga miaka hiyo hiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive, lile la mawe ya matumbawe linalotazama bandari, ambalo ni kati ya majengo ya zamani kabisa ya mji mzima, limejengwa kama mwaka 1866 na 1867. Limepitwa na miaka mitatu. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Nyumba zetu za Kariakoo zenye ukumbi katikati, vyumba sita na uani ni za miaka ya 1920 na kuendelea. Yaani karibu Dar es Salaam yote, kwa sheria ile, ni mtoto wa juzi.

Njia iliyobaki ni kutajwa kwa jina. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza jengo au eneo kwenye Gazeti la Serikali, na likitangazwa linapata ulinzi ule ule. Ilifanyika hivyo mwaka 1995, majengo kadhaa ya katikati ya mji yakatangazwa pamoja na eneo la hifadhi. Lakini tangazo halijitungi. Lazima mtu apeleke jina, mahali, picha, historia na sababu. Na yale yaliyotangazwa, ukiyatazama, mengi ni ya upande wa Posta: ofisi za Wajerumani, makanisa, majengo ya serikali. Upande wa Kariakoo, ambako ndiko watu weusi wa mji huu walikoishi, kujipanga na kuanzisha siasa, umeachwa karibu mtupu.

Kuna kichekesho kimoja ndani ya sheria hiyo ambacho kilitufurahisha sisi watu wa vitabu vya hesabu. Mlango wa mbao uliochongwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kilicholindwa, na hauwezi kusafirishwa nje ya nchi bila leseni. Kwa hiyo nyumba ya mtaa wa Uhindini ya mwaka 1925 inaweza kuvunjwa kesho kwa kibali halali, lakini mlango wake una haki zaidi ya nyumba. Mnaojua mlango wa namna hiyo ulipo, tafadhali tuambieni kabla dalali hajaambiwa.

Sasa Jiji. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya zamani ya Jiji ilipovunjwa na Manispaa ya Ilala kupandishwa kuwa Jiji, kibali cha ujenzi cha mitaa yetu yote, kuanzia Kivukoni mpaka Gerezani, kinatoka kwenye halmashauri moja. Zamani tulikuwa tunatupiwa mpira kati ya ofisi mbili. Sasa dirisha ni moja, na wanaopitisha maombi wanafanya kazi chini ya kamati ya madiwani. Madiwani tunawajua, wengine ni watoto wa mitaa hii hii. Tena Sheria ya Mambo ya Kale inazipa mamlaka za mitaa nafasi ya kutunga sheria ndogo za kulinda urithi ulio kwenye eneo lao. Kwa maoni yetu hapo ndipo pa kusukuma. Hatuhitaji kusubiri tume mpya yenye jengo, magari na posho. Tunahitaji sheria ndogo moja inayosema kwamba kabla ya kutoa kibali cha kubomoa, ofisa aangalie kwanza kwenye orodha, na kama nyumba imo, faili lipite kwa watu wa Mambo ya Kale kabla ya nyundo.

Jiji likitaka, linaweza. Boma la Kale lilikarabatiwa miaka ya 2010 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Jiji likiwa mshirika pamoja na wasanifu majengo na vyuo, na likawa kituo cha urithi wa usanifu wa mji. Mtu asiyewahi kuingia apange aingie, aangalie unene wa zile kuta.

Na Soko Kuu la Kariakoo, moyo wetu, limetufundisha jambo lile lile kwa njia ya uchungu. Mnajua historia yake: banda la Wajerumani, Vita ya Kwanza ikaja, Waingereza wakaingia mji mwaka 1916, wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, wale Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, halafu miaka ya 1920 likawa soko. Jengo la sasa lenye paa lile la miavuli ya zege lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Usiku ule wengi wetu tulisema basi, litavunjwa, litapanda ghorofa ishirini. Halikuvunjwa. Serikali iliamua kulikarabati, na ghorofa jipya likajengwa pembeni, palipokuwa soko dogo. Biashara imeongezewa nafasi na jengo la Amuli limebaki na sura yake. Lilikuwa na umri wa miaka 46 tu siku linaungua, kwa hiyo sheria ya mwaka 1863 haikulisaidia kwa lolote. Lilipona kwa sababu mji mzima unalijua kwa jina.

Lile lisilojulikana kwa jina halina bahati hiyo. African Association ilianzishwa hapa mwaka 1929, na wanachama wake walijenga ofisi yao New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kwa kujitolea kwa michango na mikono yao. Ndani ya ofisi ile, tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa TANU. Nchi nzima inaadhimisha Sabasaba, tunakwenda kwenye maonyesho, tunanunua masufuria. Nyumba yenyewe haipo. Pale pana ofisi ndogo ya CCM, na mtoto akipita na mwendokasi hana cha kuonyeshwa zaidi ya jengo la ofisi. Hatumlaumu mtu. Waliojenga upya walikuwa wanajenga chama kinachokua. Ila ilikuwa nyumba yetu, ya wapangaji na makarani wa mitaa hii, na hakuna aliyekuwa na faili la kupeleka dirishani.

Tumefika kwenye lile ambalo baadhi yenu mlilisema kwa sauti kubwa kwenye kikao kilichopita, na mlikuwa na haki ya kulisema. Mkatuuliza: ninyi mnataka kutuzuia kuuza? Nyumba ya marehemu baba ina warithi kumi na wawili, paa linavuja, kodi ya ardhi haijalipwa, na jirani kauza kwa mabilioni. Leo mnatuletea habari za urithi wa taifa?

Tulijadili sana swali hili, na hatutaki kulipamba. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi bilioni moja na nusu. Warithi kumi na wawili, na kwa urahisi wa hesabu tuseme mafungu yanalingana, ingawa kwa mirathi ya Kiislamu hayalingani. Kila mmoja anapata milioni 125, kabla ya dalali, wakili na kodi. Inatosha kiwanja na nyumba ya kawaida Chanika, na pikipiki ya kijana. Fedha hiyo ni ya kweli na hakuna kamati yenye haki ya kumwambia mjane aikatae kwa sababu ya boriti za mikoko.

Lakini tumeona pia familia za hapa zikiuza kwa haraka, kwa karatasi iliyoandikwa uani usiku, mrithi mmoja akisaini kwa niaba ya wote, na miaka miwili baadaye kila fremu ya chini ya ghorofa lile inapangishwa kwa kilemba ambacho warithi hawakuwahi kukisikia. Anayeuza kwa haraka hupoteza nyumba na bei pia. Ndiyo maana kamati inaona kazi ya kuhifadhi na kazi ya kusaidia mirathi ni kazi moja. Familia yenye hati safi, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa mahakamani na picha za nyumba yake inaingia kwenye mazungumzo ya ubia ikiwa imekaa kitini. Inaweza kudai sehemu ya mbele ya nyumba ibaki, ukumbi na baraza, na ghorofa lipande nyuma yake. Inaweza kudai fremu mbili na ghorofa moja ziandikwe kwa majina ya warithi, kwa sababu tangu mwaka 2008 tuna sheria inayoruhusu hati ya sehemu ya jengo.

New York walikutana na malalamiko haya haya. Wenye Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya jiji lile, walitaka kujenga ghorofa juu yake, tume ikakataa, wakashtaki kwamba wamenyang'anywa mali. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 jiji likashinda. Lakini moja ya mambo yaliyolisaidia jiji ni kwamba halikumwacha mwenye mali mikono mitupu: urefu ambao hakuruhusiwa kuupandisha juu ya stesheni aliweza kuuhamishia kwenye viwanja vingine vya jirani. Ghorofa usilojenga lina bei. Utaratibu wa namna hiyo ukiwekwa kwenye mpango wa Kariakoo, nyumba ya Mtaa wa Sikukuu inaweza kubaki chini na warithi wakalipwa na anayepanda juu mtaa wa pili. Ni pendekezo letu, si sheria ya leo. Tutalipeleka kwa maandishi.

Kuna sababu nyingine ya kusimama kwenye lile dirisha, na si ya historia. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka lingine hapa hapa Kariakoo, likaua zaidi ya watu ishirini, na siku zile za kusikiliza sauti za watu chini ya zege hatutazisahau. Baada ya hapo Waziri Mkuu aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mnaona, neno tume limerudi. Dirisha linaloachia nyumba ya miaka 90 ivunjwe bila swali ndilo linaloachia ghorofa lipande bila swali. Ofisa akilazimika kufungua faili, kutembelea kiwanja na kuuliza majirani kwa sababu ya historia, ataona pia nguzo na mashimo. Tungependa kila ukaguzi wa jengo hapa mjini uwe na safu moja zaidi kwenye fomu: jengo hili ni la mwaka gani, na limetumika kwa nini.

Basi fedha zenu zinakwenda wapi? Hatununui nyumba. Hatuna uwezo huo na hata tungekuwa nao tusingeshauri. Fedha zinakwenda kwenye mafaili. Kila nyumba inapimwa, inapigwa picha mbele, ukumbini na uani, inachorwa, na mzee aliyeishi humo anarekodiwa akieleza nani alipanga chumba gani, chama gani cha ngoma kilikaa barazani, timu gani ya mpira ilizaliwa humo. Mwenye nyumba anasaini kwamba amekubali. Asipokubali, tunafunga faili na kunywa naye kahawa. Nakala moja inakwenda kwenye Halmashauri ya Jiji, moja kwa watu wa Mambo ya Kale, moja Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, na moja inabaki kwa familia. Sehemu ya pili ya kifungu inalipia wakili na ada za mahakama kwa familia ambazo mirathi yake imekwama. Sehemu ya tatu, ndogo, ni ya vibao vya ukutani. Hata pale ambapo nyumba imeshakwenda, kibao kinaweza kusema ilikuwa hapa.

Hatuombi Kariakoo yote isimame. Mji unaouza na kununua lazima ubadilike, na sisi wenyewe tumelishwa na maduka hayo. Orodha yetu ya kwanza ni fupi, imechapwa ukurasa unaofuata, na imeacha nafasi kwa makusudi ili ninyi muijaze. Jedwali la mapato na matumizi liko mwisho wa kijitabu, limekaguliwa na wajumbe wasio wa kamati yetu, na risiti ziko mezani kwa anayetaka kuziona leo.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu, imetobolewa ili ichanike kwa urahisi. Mnaweza kulipa kwa simu au kumkabidhi mweka hazina wa kata yenu. Mwenye picha ya zamani ya nyumba, harusi barazani au mtaa siku ya maulidi aje nayo. Tutaipiga picha hapo hapo na kumrudishia mkononi. Matembezi ya kwanza ya kupima ni Jumamosi ya pili kutoka leo, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye Sanamu ya Askari na kushuka kwa miguu hadi Mnazi Mmoja na Lumumba, kisha tunaingia mitaani. Vijana wenye simu nzuri za kupiga picha wanahitajika zaidi kuliko wasemaji. Chai na vitumbua vitakuwepo Mkunguni, kwenye moja ya nyumba ambazo bado zina uani.